Jinsi ya kuifukua historia ya stesheni ya zamani ya kwenu, ukianzia hapa hapa Dar

Kama kwenu ni mji wowote mdogo uliopitiwa na reli, iwe Kimamba, Gulwe, Mombo, Malampaka au kule Nachingwea ambako hata reli yenyewe ilishang'olewa kitambo, basi kwenu kuna jengo linakufa na stori zake na hakuna anayeziandika. Sa hivi macho ya watu yote yako kwenye SGR, ile reli mpya ya kisasa, na ni haki yao, tangu Juni 2024 mtu anapanda Dar anashuka Moro bila kuchoka, lakini ile reli ya zamani yenye upana wa mita moja vituo vyake vidogo vinazidi kulala na waliovifanyia kazi ni wazee wa miaka 70, 80 na kuendelea. Ukisema utaanza miaka mitano ijayo utawakuta wachache sana. Kwa hiyo hii ni kwa yeyote anayeishi Tabata, Mbagala, Gongo la Mboto, popote, ana simu na ana wikiendi, na anataka kuandika historia ya stesheni ya kwao ikaeleweka, siyo ile ya "ilijengwa na Mjerumani" halafu basi imeisha.

Anza na swali, achana na jengo kwanza

Watu wengi wanaanza na kupiga picha jengo, na picha ni muhimu, lakini jengo lenyewe halikuambii kitu kama hujajiuliza maswali mawili: kwa nini treni ilisimama hapa, na kwa nini iliacha. Ukiyajibu hayo mawili umeshapata nusu ya kazi yako.

Kwa nini ilisimama hapa ina majibu ya aina chache. Kuna stesheni ziliwekwa kwa sababu kichwa cha mvuke kilihitaji maji, kwa hiyo ukiona tangi kubwa la chuma au msingi wake karibu na mto au kisima ujue hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake ya kwanza. Kuna zilizowekwa kwa sababu njia ni moja tu na treni mbili zinazokutana lazima moja iingie pembeni ingoje mwenzake apite, kwa hiyo porini kabisa unakuta stesheni yenye njia mbili au tatu na haina mji. Kuna za mazao, kama Kimamba na katani yake, au zile za njia ya Mwanza na pamba. Uvinza ilikuwa na chumvi. Tawi la Kaliua kwenda Mpanda lilijengwa baada ya vita kuu ya pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Na kuna zilizowahi kuwa mwisho wa reli kwa muda, hizi ndizo tamu kuliko zote kuzichunguza, mfano Mombo, reli kutoka Tanga ilifika pale 1905 ikakaa miaka kadhaa kabla ya kusogea mbele, na mahali ambapo reli inaishia panakusanya kila kitu, maghala, wapagazi, maduka ya Wahindi na Waarabu, hoteli, njia ya kupanda Lushoto. Mji unazaliwa hapo hapo.

Usisahau pia upande wa pili, yani mji uliorukwa. Mpwapwa ilikuwa maarufu enzi za misafara kabla Wazungu hawajafikiria reli ya kati, lakini reli ikapita pembeni na kituo cha karibu kikawa Gulwe. Kama kwenu ni mji wa namna hiyo historia ya stesheni yako ni historia ya barabara ya kutoka mjini kwenda stesheni, nani alikuwa na gari, nani alikuwa anabeba mizigo, watu walikuwa wanalala wapi wakisubiri treni ya usiku.

Na kwa nini iliacha, hapo ndipo utajifunza kuhusu nchi nzima kupitia kituo kimoja. Chukua Kongwa. Waingereza baada ya vita walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, wakaja na mradi wa karanga 1947, wakajenga tawi la reli kutoka Msagali kwenda Kongwa, mvua haikuwasikiliza na udongo ukawa mgumu kama simenti, mradi ukafutwa mwanzoni mwa 1951 ukiwa umekula kama pauni milioni 36. Reli ikabaki haina cha kubeba, ikaachwa na kung'olewa. Halafu 1964 eneo hilo hilo la stesheni iliyotelekezwa likawa kambi ya wapigania uhuru, ANC ya Afrika Kusini wakiwemo, na vyama vingine vya ukombozi vikawa na kambi zao hapo Kongwa. Sasa fikiria mtoto wa Kongwa anapita hapo kila siku kwenda shule na hajui kwamba kituo kimoja kimebeba karanga za Muingereza na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ndiyo maana nasema hii kazi ni ya maana sana.

Kusini ni mradi huo huo, reli ya Nachingwea ilianza kazi 1949, baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara, na ikafungwa 1962, yani hata mwaka mmoja baada ya Uhuru haujapita vizuri. Ukitoka huko kazi yako ni ngumu kidogo kwa sababu hakuna reli ya kufuata, lakini pia wewe ndiye unayehitajika zaidi.

Kariri kalenda ya reli kabla hujamuuliza mtu yeyote

Hii watu wanairuka halafu wanaandika vitu ambavyo haviwezekani. Unatakiwa uwe na miaka michache kichwani ili ukisikia stori ujue inakaa wapi. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896, pesa zikaisha serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Arusha ikafika 1929, hiyo tayari ni Muingereza. Reli ya kati ilianza Dar 1905, Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914 mwanzoni, miezi michache tu kabla ya vita. 1916 Wajerumani wakirudi nyuma walilipua madaraja mengi na kuharibu mabehewa na vichwa ili adui asivitumie. Tabora kwenda Mwanza ni 1928. Njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, ndiyo iliyounganisha reli ya kati na ya Tanga, ni 1963. Kilosa kwenda Kidatu ni miaka ya 60. TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ni kitu kingine kabisa, reli yake ni pana zaidi, ilijengwa na Wachina 1970 hadi 1975, kwa hiyo kama stesheni ya kwenu ni ya TAZARA kalenda yako ni nyingine.

Upande wa wenye reli nako kuna tarehe zake: 1948 reli za Tanganyika zikaunganishwa na za Kenya na Uganda, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika ndiyo likaja Shirika la Reli Tanzania (TRC), 2007 ikaja kampuni ya TRL kwa ubia na kampuni ya India, ubia ukafa, halafu sheria ya 2017 ikairudisha TRC. Hii ni muhimu kwa sababu kila mabadiliko hayo yaliacha nembo, rangi, fomu na kofia tofauti, na picha ya zamani unaweza kuijua ni ya lini kwa herufi zilizoandikwa ubavuni mwa behewa tu.

Sasa ona faida yake. Ukienda karibu kila stesheni Tanzania utaambiwa imejengwa na Mjerumani. Kama uko njia ya Mwanza kaskazini mwa Tabora, au Mpanda, au kati ya Ruvu na Mnyusi, au kati ya Moshi na Arusha, hiyo haiwezekani, Mjerumani alishaondoka. Usimbishie mzee mbele ya watu, hapana, muulize tu kwa adabu yeye aliambiwa na nani, mara nyingi hapo unapata kitu kizuri zaidi, utasikia ni babu yake alikuwa kibarua wa kujenga na bosi alikuwa mkali, na unakuta kumbe ni msimamizi Muingereza au Mhindi.

Wazee wako hapa Dar, usianze safari bado

Wastaafu wengi wa reli walihamishiwa Dar mwisho wa ajira zao wakabaki. Ukizunguka kota za reli Gerezani, Keko, Buguruni, Tabata Relini na mitaa inayofuata njia ya treni ile tuliyoizoea kuiita treni ya Mwakyembe, hukosi mtu aliyewahi kuwa stesheni masta, gadi, dereva, fundi wa karakana au mtu wa gengi aliyekuwa anapita na nyundo akikagua mataruma, yale yanayolaliwa na reli. Njia rahisi ni kuanzia kwa ndugu zako. Andika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo au la watu wa kwenu mnaoishi Dar, sema wazi unatafuta mtu yeyote aliyefanya kazi stesheni fulani au mzazi wake alifanya, utashangaa majibu.

Ukimpata nenda kwa heshima zake. Shikamoo kwanza, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi, usitoe simu na kuanza kurekodi kabla hujaomba. Siku ya kwanza mwache aongee anavyotaka. Wazee wa reli wanaongea kwa mpangilio wa vituo, anaanza Dar anakuja Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, kila kituo na kisa chake, ukimkatiza umpeleke kwenye kituo chako moja kwa moja unampotezea njia. Subiri afike.

Na kosa la kawaida ni kuuliza "ilikuwa mwaka gani". Mzee hakumbuki mwaka, au atakupa mwaka wowote ili asikuvunje moyo. Muulize kwa matukio. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Azimio la Arusha lilimkuta kituo gani? Wakati wa operesheni vijiji watu waliletwa kuishi karibu na stesheni au waliondolewa? Vita ya Kagera, treni za wanajeshi zilipita? Wakati Jumuiya inavunjika 1977 wewe ulikuwa umevaa kofia ya nani? Hapo utapata miaka ya uhakika bila yeye kutaja mwaka hata mmoja. Kwa wale wakubwa zaidi uliza kuhusu mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli wa 1960 chini ya chama chao cha TRAU na katibu wao Kasanga Tumbo, ulidumu karibu miezi mitatu, na kwenye stesheni ndogo ulikuwa jambo zito kwa sababu kila mtu alijua nani kagoma na nani hakugoma.

Kuna kitu kingine kuhusu hawa wazee ambacho ni hazina. Wale waliofanya kazi chini ya iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki walidai mafao yao miaka mingi sana, na kwa sababu hiyo hawakutupa karatasi hata moja. Nilikaa na mzee mmoja hapa Tabata, akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki imefungwa kwa mpira wa baiskeli, ndani kuna barua ya ajira, barua za uhamisho kila moja na jina la kituo na tarehe ya kuripoti, hati za mshahara, onyo moja la kuchelewesha treni ya mizigo, na tiketi mbili za ile kadi ngumu ndogo zenye jina la kituo na nauli na tundu la gadi katikati. Karatasi hizo zilikuwa zimenyooka kuliko karatasi nyingi utakazokuta ofisini. Ukipata bahati hiyo usiombe kuondoka nazo hata kwa saa moja, piga picha hapo hapo mezani kwake karibu na dirisha, mbele na nyuma, pamoja na bahasha, na mwachie kila kitu kama kilivyokuwa.

Halafu tafuta kina mama. Historia nyingi za reli zinaandikwa kama vile stesheni ilikuwa na wanaume wenye kofia tu. Aliyekuwa anajua ratiba kuliko stesheni masta ni mama aliyekuwa anauza chai, maandazi, kuku wa kukaanga, mihogo au ndizi dirishani, maana yeye treni ikichelewa chakula kinamlalia. Muulize alikuwa anauza nini, bei gani, treni ilisimama dakika ngapi, nani alimruhusu kusogea jukwaani na nani alimfukuza, alisomesha watoto wangapi kwa hiyo biashara. Muulize na siku treni ya abiria ilipoacha kuja mji ulifanyaje. Njia ya Moshi kwa mfano ilikaa bila treni ya abiria zaidi ya miaka 20 mpaka Desemba 2019, na pengo kama hilo wanalijua vizuri zaidi wale ambao riziki yao ilikuwa pale kwenye jukwaa.

Karatasi za Dar

Sehemu ya kwanza ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pale Upanga. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho (ya chuo, ya kazini au ya serikali ya mtaa), penseli siyo peni, na subira. Kama wewe siyo raia utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwanza. Omba kwanza vile vitabu vya wilaya, ambavyo maofisa wa kikoloni walikuwa wanajaza taarifa za wilaya zao, machifu, mazao, barabara, njaa, mara nyingi reli inatajwa humo kwa maneno machache lakini yenye mwaka. Faili za Mjerumani zipo, namba zake zinaanza na herufi G, na ziko kwa Kijerumani, nyingi kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo unamsumbua, kwa hiyo kama huna mtu wa kukusaidia usipotezee siku nzima huko.

Siri ambayo ningependa kila mtu aijue ni hii: usitafute faili za reli peke yake. Faili za reli zinaongelea fedha, injini na madaraja. Tafuta faili za viwanja, masoko, leseni za biashara na miji midogo ya wilaya yenu. Mji wa stesheni ulizaliwa pale watu walipoanza kuomba viwanja vya duka mbele ya kituo, na maombi hayo yana majina, michoro ya mkono inayoonyesha stesheni iko wapi na duka liko wapi, na malalamiko ya wenyeji ambao mashamba yao yalichukuliwa. Kimchoro kimoja cha namna hiyo kina faida kuliko kurasa mia za ripoti ya mwaka.

Ukitoka hapo nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kuna mkusanyiko wa vitabu na tasnifu za Afrika Mashariki, wanafunzi wa historia wameandika tasnifu nyingi za wilaya moja moja ambazo hazijawahi kutoka nje ya hapo. Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi nako uliza magazeti ya zamani, Mambo Leo lilianza 1923 na watu walikuwa wanaandika barua kutoka mikoani, na baadaye kuna Tanganyika Standard, Ngurumo na Uhuru. Magazeti yanataka uwe na mwaka tayari, ndiyo maana nimesema wazee kwanza, ukifungua gazeti bila kujua unatafuta mwezi gani utachoka siku hiyo hiyo.

Kwa bando lako tu

Picha za wakati wa Mjerumani zipo nyingi mtandaoni bure. Chuo Kikuu cha Frankfurt wameweka mkusanyiko mkubwa wa picha za jumuiya yao ya kikoloni, na hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ujerumani ilitoa picha nyingi kwa Wikimedia Commons 2008, zikiwemo za mpiga picha Walther Dobbertin aliyeishi huku. Ukitafuta tumia majina yalivyoandikwa enzi hizo: Kilossa, Muhesa, Mpapua, Daressalam, Lushoto utaikuta kama Wilhelmstal na Moshi mjini kama Neu-Moschi. Ukiandika majina ya leo tu utaambiwa hakuna kitu. Hifadhi ya nyaraka ya Uingereza iliyoko Kew, barua za serikali ya Tanganyika ziko kwenye kundi la CO 691, nyingi hazijawekwa mtandaoni lakini orodha yake inasomeka, na hata kichwa cha faili na mwaka wake ni taarifa.

Halafu fungua Google Earth kwenye laptopu, siyo kwenye simu, na ufuate njia. Kama reli imeng'olewa tafuta mstari ambao haukunji ghafla, reli haiwezi kona kali wala mlima mkali, kwa hiyo hata baada ya miaka 60 tuta lake linaonekana, mara nyingi limekuwa njia ya bodaboda au mpaka wa mashamba. Weka alama kila panapovuka mto, huko ndiko utakuta mabaki ya daraja. Ramani za 1:50,000 za Idara ya Upimaji na Ramani zinasaidia sana hapa.

Ukifika eneo la tukio

Ripoti kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji au mtaa kabla hujafanya chochote. Nasema hivi kwa sababu mbili nzito. Moja, watu wanaoishi karibu na reli wameumizwa na alama za X na bomoabomoa ya hifadhi ya reli, akionekana mtu mgeni anapima kwa hatua na kupiga picha nyumba, watu wanaamini wanakuja kuvunjiwa, na hawatakwambia neno. Eleza mbele ya watu kwamba umekuja kwa ajili ya historia, na taja ukoo wako. Mbili, chuma chakavu. Wizi wa vyuma vya reli ni kosa kubwa la kuhujumu miundombinu, kwa hiyo usiokote hata bolti moja ya kumbukumbu, piga picha uiache. Na kama njia bado inatumika, hata kama mnaona treni mara moja kwa wiki, usitembee juu yake bila ruhusa ya watu wa reli, kiberenge kinakuja bila kelele nyingi.

Sasa kitu ambacho watu wengi wanakipita. Inama uangalie ubavu wa chuma cha reli, ile sehemu nyembamba katikati ya kichwa na kitako. Viwandani walikuwa wanapiga chapa ya jina la kiwanda na mwaka wakati chuma bado cha moto, kwa hiyo maandishi yametokeza nje kidogo. Kutu inayaficha. Futa kwa brashi ngumu ya nguo, halafu paka chaki ukiilaza ubavu, herufi zinasimama zenyewe, kisha piga picha mwanga ukiwa unatokea pembeni, asubuhi au jioni, siyo saa sita mchana. Yale mataruma ya chuma ya zamani nayo yanaweza kuwa na chapa, Mjerumani alipenda ya chuma kwa sababu ya mchwa. Lakini uwe makini na unachosema: mwaka uliopigwa ni mwaka chuma kilipotengenezwa, siyo mwaka reli ilipojengwa. Reli zilikuwa zinahamishwa, njia kuu ikiwekewa chuma kizito kile chepesi kinapelekwa matawi na njia za pembeni, kwa hiyo unaweza kukuta chuma cha Mjerumani kwenye njia ya miaka ya 50. Andika tu kwamba chuma hicho hakiwezi kuwa kimewekwa hapo kabla ya mwaka huo.

Kwenye jengo angalia mpangilio kuliko urembo. Hesabu madirisha ya tiketi na uone kila moja linatazama wapi, vyumba vya kusubiria ni vingapi na kipi kina dari na kipi ni kibaraza tu. Ukoloni ulitenga watu kwa madaraja na rangi, na ukuta bado unasema nani alikaa kivulini. Zunguka nyuma, tafuta nyumba ya stesheni masta na ulinganishe na vyumba vya watu wa gengi, pima kwa hatua. Angalia miembe na miarobaini imepandwa kwa mstari gani, mti wa kupandwa unakuonyesha uwanja uliishia wapi hata kama ukuta haupo. Tafuta mzani, kengele, tangi, jukwaa la kupakilia ng'ombe. Uliza pia uwanja wa mpira ulikuwa wapi, kwa sababu watu wa reli na mpira ni ndugu, Reli ya Morogoro wale Kiboko ya Vigogo ndio wanajulikana nchi nzima lakini hata stesheni ndogo zilikuwa na timu zao.

Ukitaka kuona stesheni ya zamani iliyopata maisha mapya nenda Amani kule Muheza, kwenye hifadhi. Wajerumani walijenga kareli kembamba kutoka Tengeni kupanda Sigi kwa ajili ya mbao, na nyumba ya mkuu wa stesheni pale Sigi sasa inapokea wageni wa hifadhi. Mimi naiona kama mfano wa kumwonyesha diwani wenu akisema jengo bovu halina kazi.

Kuandika

Usingoje umalize kila kitu. Kila ukitoka kwa mzee andika siku hiyo hiyo, nani kasema, wapi, tarehe, na weka rekodi sehemu mbili. Unapoandika tenganisha kitu ulichokiona kwa macho, kitu kilichoandikwa kwenye faili, na kitu ulichoambiwa, msomaji ajue kipi ni kipi. Wazee wawili wakipingana weka zote mbili na useme wewe unaelemea wapi na kwa nini. Usikimbilie kuchagua ya yule aliyekuwa na cheo, mtu wa gengi alikuwa relini kila siku, stesheni masta alikuwa ofisini.

Mambo ya maumivu yaandikwe pia, ila kwa utaratibu. Vibarua waliolazimishwa kujenga, ardhi iliyochukuliwa, ajali. Kama ni upande wa Dodoma hutaweza kukwepa Igandu, Juni 24, 2002, watu 281 walikufa, na kuna familia bado zina kidonda hicho. Usiende na swali hilo la kwanza, na jina la marehemu usiliweke bila ndugu kukubali. Kwa walio hai hivyo hivyo, muulize kila mmoja kama anataka jina lake au uandike tu "mstaafu mmoja".

Ukimaliza kabla hujaipeleka kwa watu chapisha karatasi, rudi kwa wazee uwasomee kwa sauti, wengi macho hayaoni vizuri tena. Watasahihisha majina ya watu na vituo, na hapo ndipo huwa wanakumbuka yale waliyosahau mara ya kwanza, kwa hiyo uwe na kalamu na rekoda iwe inatembea. Baada ya hapo toa nakala. Moja iende shule ya msingi iliyo karibu na stesheni, moja ofisi ya kijiji, moja Maktaba Kuu na moja Mlimani, na faili la picha lipelekwe kwa wazee wenyewe au watoto wao kwenye simu, kila picha ikiwa na jina la kituo, tarehe na nani kaipiga, ili ikitoka kwenye grupu moja kwenda jingine isifike imekuwa picha ya stesheni nyingine.